Bi Giza na Doa Chini ya Nebula

Mpaka leo, Bi Giza akitaka kuchukua shuka au katoni ya glavu kwenye stoo ya idara yetu, hubisha kwanza. Hugonga mara mbili, husubiri kidogo, ndipo hufungua. Zamani stoo hiyo ilikuwa chumba cha giza cha kusafishia filamu za eksirei, na mtu aliyefungua bila kubisha aliharibu kila kilichokuwa ndani. Filamu tuliacha kuzitumia miaka tisa iliyopita. Mabeseni yaling'olewa, taa nyekundu ikatolewa, dirisha likafunguliwa, ila harufu ya dawa haijatoka ukutani. Yeye bado hubisha. Wahudumu humtania, "Karibu ndani Bi Giza, mashetani wamekusikia!" Hutabasamu, na kusubiri kule hakupunguzi.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa idara, na meza yangu imetenganishwa na stoo hiyo kwa ukuta wa mbao. Nimezisikia hodi zake kwa miaka ishirini na sita. Ninayoandika hapa mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe.

Alizaliwa wa pili katika watoto wawili. Wazazi wao walipofariki, kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimchukua akamlea nyumbani kwake pamoja na mkewe. Ndiye aliyemsomesha kozi ya eksirei. Bi Giza hakuolewa. Akiulizwa husema, "Nani atalala na mwanamke anayeona mifupa ya watu kutwa?" Jina lenyewe alibandikwa na daktari mmoja mcheshi aliyedai kwamba huyu dada ukimtoa nje juani hafanyi kazi.

Miaka mitano iliyopita aliletwa kwetu mwalimu wa fizikia wa chuo cha ualimu kilicho ng'ambo ya barabara, kifundo cha mkono kimevunjika. Aliteleza kwenye ngazi akipandisha darubini juu ya paa. Huku mkono umelazwa kwenye meza ya eksirei, kwa mkono mzima alimwonyesha Bi Giza picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya nebula, wingu la gesi na vumbi lililo mbali kiasi kwamba nuru yake ilianza safari kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

"Huu weusi wa nyuma," Bi Giza aliuliza, "ni weusi wake, au umeupaka wewe?"

Mwalimu alisahau maumivu. "Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

"Usitingishe mkono," akamwambia.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi akitoka kazini alivuka barabara kwenda maabara ya chuo. Mara nyingi nilifuatana naye. Maabara ilikuwa njiani kwangu, na Mwalimu alikuwa na birika la chai lisilokauka.

Picha ya nebula haipatikani kwa kubonyeza mara moja. Mwalimu alikuwa amepiga picha tisini na sita za sehemu ileile ya anga, kila moja kwa dakika tatu. Ukizitazama mojamoja huoni kitu ila weusi, nyota kadhaa, na chengachenga kama mchanga. Kompyuta huzilaza moja juu ya nyingine. Kilichomo katika zote hubaki, na kilichopita mara moja tu, ndege au setilaiti, hutupwa. Kinachotoka hapo bado ni cheusi. Kazi yenyewe ndipo inapoanza, kuuvuta ule mwanga mdogo mpaka jicho liuone, na hapo kila mtu ana mkono wake.

Mkono wa Mwalimu ulikuwa wa kusafisha. Aliiambia kompyuta ipime mwanga wa nyuma na kuuondoa wote, ili anga liwe jeusi tii. Alilainisha chengachenga, akazipunguza nyota unene, akazidisha rangi. Nebula ilitoka nyekundu kama kaa la moto kwenye kiza. Mtu yeyote aliyeingia maabara alisema "Lo!"

Bi Giza alivuta kidogokidogo. Alivuta, akatazama, akaandika namba kwenye daftari, akavuta tena. Hakuondoa mwanga wa nyuma wala hakulainisha. Picha yake ilikuwa ya kijivu na kahawia, yenye chenga, na ukiiweka karibu na ya Mwalimu ilionekana kama kitu kilichookotwa.

"Yako imeoga," Mwalimu aliwahi kujitetea kabla hajalaumiwa, "hapana, samahani, yangu ndiyo imeoga. Yako imetoka shambani."

"Ya kwako imeoga mpaka ngozi imetoka," Bi Giza alimjibu.

Kulikuwa na njia ya tatu. Mwalimu alipata programu iliyofundishwa kwa maelfu ya picha za watu wengine, ambayo huziboresha zako yenyewe. Aliiendesha mbele yetu, na ndani ya nebula zikajitokeza nyuzi nyembamba za kupendeza, kama nywele ndani ya maji. Bi Giza aliisogelea skrini. Alhamisi mbili zilizofuata alifungua zile picha tisini na sita, moja baada ya nyingine, akizitafuta zile nyuzi. Hazikuwemo hata katika moja.

"Hii imeota," akasema.

"Lakini imeota vizuri," Mwalimu akasema, akamimina chai. Hata hivyo hakuitumia tena.

Doa lilionekana katika picha ya Bi Giza peke yake. Lilikuwa chini ya nebula, upande wa kushoto, ukubwa wa ncha ya kidole gumba kwenye skrini, weupe mchafu kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa kisha kikafuliwa. Katika picha ya Mwalimu mahali hapo palikuwa peusi, safi.

"Bi Giza, umefuga vumbi," Mwalimu alisema.

"Vumbi la huko juu halina mfagiaji."

"La huko juu sawa. La kwenye kioo changu je?"

Akaeleza. Ili kuondoa vivuli vya vumbi lililo ndani ya kamera, mtu hufunika darubini kwa kitambaa cheupe, hupiga picha ya weupe mtupu, na kompyuta huitumia kusahihisha. Lakini yeye, kwa uvivu, alikuwa ametumia picha za kitambaa za wiki iliyotangulia, na katikati ya hapo aliifungua kamera kuipangusa. Kama kuna chembe iliyokuwepo na sasa haipo, kompyuta ilisahihisha kivuli ambacho hakikuwepo tena, ikaacha weupe mahali pake. "Kwa hiyo unachokiona," alisema, "huenda ni alama ya kitu kilichokwisha kuondoka."

Bi Giza aliweka kikombe chini, chai bado imejaa.

Walitafuta picha za watu wengine wa sehemu ileile. Nne hazikuonyesha kitu. Mbili zilikuwa na ukungu wa kahawia hapo, lakini wenyewe walikuwa wameandika kwamba wamevuta sana. Hazikusaidia. Kila mmoja na mkono wake.

Chuo kilikuwa kimeomba picha moja kubwa ya kutundikwa maktaba. Mwalimu alitaka ya kwake, na kusema kweli nami niliona ni ya kwake. Nilidhani Bi Giza anashindania ukuta. Ilinichukua muda kuona kwamba ukuta haumsumbui hata kidogo.

Doa lilimfuata kazini. Mashine zetu za sasa husafisha picha zenyewe kabla ya kuzionyesha, na yeye alianza kuzilazimisha zitoe zile zisizosafishwa. Aliwarudisha madaktari kwenye skrini. "Daktari, hebu tazama tena hapa juu." Daktari alitazama, hakuona kitu, akaenda. Alasiri yake alimwita tena. Nililiona doa lenyewe limechorwa kwa penseli pembeni mwa rejista yangu, mara nne, mara tano, upande wa kushoto kila mara. Adhuhuri moja nilimkuta kwenye korido mbele ya ukuta mtupu, ameinamisha kichwa, akitazama mahali rangi ilipofifia.

"Unaliona?" akaniuliza.

"Naona nini, dada?"

"Basi," akasema, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu alikuja na suluhu. Alikuwa na furaha ya mtu anayetaka ugomvi uishe.

"Nitaigeuza kamera nusu duara," alisema. "Doa likigeuka na kamera, ni letu, limo ndani ya vyombo. Likibaki palepale na nyota zake, ni la mbinguni. Na nikiwa huko juu nitapiga picha mpya za kitambaa, niweke na kile kichujio cha kupunguza taa za mji, tumalize mchezo siku moja."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Geuza kamera tu. Kingine usiguse."

"Bi Giza, kitambaa ni dakika kumi..."

"Nimesema usiguse!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti, si kabla ya hapo wala baada. Alikuwa amesimama. "Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo na doa likapotea, utajuaje limeondolewa na kipi? Utajuaje, Mwalimu? Utakaa hivyo hivyo mpaka uzeeke!"

Mwalimu alinitazama. Mimi nilitazama birika.

"Nitageuza kamera tu," akasema taratibu.

Barabarani alinieleza. Alizungumza mbele yangu hatua moja, bila kunitazama, na kwa sababu ya magari ilibidi nimkaribie ili nisikie.

Miaka kumi na saba nyuma kaka yake alikuja kupimwa kifua. Alikuwa akikohoa, na kila mtu alisema ni moshi wa kuchomelea. Bi Giza alimpiga filamu mwenyewe, akaisafisha mwenyewe. Kwenye mwanga aliona doa juu ya pafu la kushoto, jepesi, weupe mchafu. Wiki hiyo maji ya kusuuzia yalikuwa ya shida, na dawa isiyosuuzwa vizuri hukauka ikaacha utando mweupe kwenye filamu. Alidhani ni utando. Nje foleni ilikuwa imefika getini. Basi akabadilisha maji, akamrudisha kaka yake kwenye mashine, na kwa kuwa alikuwa na kifua kipana cha fundi vyuma, akaongeza na nguvu ya mionzi. Filamu ya pili ilitoka safi, mapafu meusi pande zote. Hiyo ndiyo iliyokwenda kwa daktari.

"Maji au nguvu?" alisema. "Nguvu ikizidi, kitu chepesi huungua kikatoweka. Nilijua. Nilifundishwa. Nilibadilisha viwili kwa mpigo, na sikuwahi kujua kipi kililiondoa lile doa."

Kaka yake alifariki baada ya miezi kumi na minne. Uvimbe ulikutwa kwenye pafu la kushoto.

Nami nikakumbuka. Siku hiyo rejista yangu ilionyesha filamu mbili, na kwenye pipa la filamu mbovu sikuikuta ya kwanza. Nilimuuliza, akasema imeungua. Nikaandika imeungua.

"Ninayo," alisema. "Iko kwenye bahasha chini ya nguo zangu. Nimehama nyumba tatu nayo, na sijaifungua."

"Kwa nini usiitazame, dada? Si utajua?"

"Ndiyo. Nitajua."

Tulifika kwenye kona ambapo huwa tunaachana. Hakuondoka.

"Nimejiwekea sharti," akasema. "Doa likigeuka na kamera, basi macho yangu hulea vumbi, na hata lile lilikuwa dawa. Nitaichoma ile bahasha nilale. Likibaki na nyota..."

"Dada, anga si kifua cha kaka yako."

"Unadhani sijui?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Najua vizuri kuliko wewe. Lakini nimeshasema, na neno likishatoka halina mlango wa kurudi."

Mawingu yalikaa wiki tatu. Chuo kiliahirisha uchapishaji. Bi Giza alikuja kazini kila siku, akabisha hodi stoo kila siku, akakonda.

Mwalimu alikuja mwenyewe idarani asubuhi moja, kabla ya wagonjwa kujaa, karatasi mbili mkononi. Alizilaza kwenye meza yangu bega kwa bega. Ile mpya alikuwa ameigeuza ili nyota zake zikae sawa na za ile ya zamani.

"Limebaki," akasema. "Palepale. Upande wa pili, ambako lingekwenda kama ni vumbi langu, hakuna kitu. Nimeivuta kwa mkono wako, kidogokidogo. Ni wingu la kweli, Bi Giza, ni jepesi tu. Mimi nimekuwa nikilifuta miaka yote hiyo nikidhani nasafisha." Alicheka, akanyoosha mkono kumpongeza. "Nimeshindwa. Nimewaambia chuo wachapishe yako, na uchafu wake wote."

Bi Giza hakuushika ule mkono. "Hukugusa kingine?"

"Hata kikombe sikukisogeza."

Alivuta kiti cha wagonjwa akaketi. Aliitazama picha kwa muda mrefu sana. Mwalimu alinigeukia akanong'ona, "Nimesema nini?" Nikamwashiria asubiri.

"Umefanya vizuri, Mwalimu," Bi Giza alisema hatimaye. "Ahsante." Kisha akanigeukia mimi. "Jumamosi utanisindikiza kwa wifi yangu. Wewe ndiye uliyeandika."

Mjane wa kaka yake anakaa bado katika nyumba ileile ambayo Bi Giza alilelewa. Tulimkuta jikoni akikausha vyombo. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu walio mbali.

"Wifi! Leo umekuja na bwana?"

"Ni mtunza kumbukumbu wa kazini."

"Hata hao huoa. Karibu, baba, kaa."

Sikukaa, kwa kuwa Bi Giza hakukaa. Alisimama katikati ya jiko na bahasha yake, akayasema yote kwa mpangilio kama anavyosoma namba kwenye daftari, foleni, maji, utando, nguvu ya mionzi, filamu ya pili. Hakulia. Alipofika mahali pangu alinitazama, nami nikasema, "Ni kweli. Niliandika imeungua."

Wifi yake alikuwa ameshika sahani moja muda wote huo. Aliiweka.

"Iko humo?"

"Imo."

"Itoe."

Filamu ilikuwa imegandana na karatasi, ikatoka kwa sauti ya kuchanika. Wifi aliichukua kabla Bi Giza hajaitazama, akaiinua kwenye dirisha. Mbavu zikatokea, moyo, mabega yale mapana.

"Hapa," alisema, akagusa mfupa wa bega wenye nundu ndogo. "Alianguka kwenye paa la ghala mwaka tuliooana. Alikataa kufungwa bandeji. Alisema bandeji ni ya watoto." Kidole kikashuka taratibu, kikasimama. "Na hili?"

"Ndilo."

"Ulidhani ni dawa."

"Nilidhani ni dawa, wifi."

"Dawa si hutoka?"

 Wifi alilowesha ncha ya kitambaa cha vyombo kwenye maji ya karai, akailaza filamu juu ya meza, akasugua. Akainua kwenye dirisha. Doa lilikuwepo. Akaigeuza, akasugua upande wa pili, kwa nguvu zaidi, mpaka meza ikayumba. Akainua tena.

Sote watatu tuliliona. Lilikuwa jepesi, na halikuwa juu ya filamu. Lilikuwa ndani.

"Siku ile alirudi anacheka," wifi alisema, akiwa ametupa mgongo. "Akaniambia, mke wangu, mdogo wangu amenipiga picha mara mbili, niko safi. Akala, akarudi kazini jioni hiyohiyo."

Alilaza tena filamu mezani. Sasa hakusugua. Alianza kupangusa polepole, kutoka bega hadi bega, akashuka kwenye mbavu, ubavu baada ya ubavu, kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

"Wifi," Bi Giza alisema, "niondoke?"

Yule mama hakugeuka. Kwa mguu alivuta kigoda kutoka chini ya meza, akakisukuma nyuma mpaka kikagonga mguu wa Bi Giza.

"Kaa," alisema. "Sijamaliza na wewe."

Bi Giza akakaa.